Kumbe Dunlop hakuwa wa kwanza: habari ya tairi la upepo kutoka huku Edinburgh

Wakuu salaam. Mimi naishi Edinburgh, Scotland, kazi yangu ni ufundi baiskeli, nashinda na matairi mkononi kutwa nzima, sasa leo naomba niwaandikie habari ya tairi lenyewe maana wengi wetu tumekua tukijua Dunlop ndo aliyegundua tairi la upepo na stori imeishia hapo. Kumbe hataza yake (patent, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya kitu alichovumbua) ilikuja kuonekana batili kama miaka miwili tu baada ya kuipata, na jamaa aliyesababisha hayo hakufungua kesi wala hakusema neno, maana alishafariki tangu 1873 na amezikwa hapa hapa Edinburgh kwenye makaburi ya Dean.

Ili muelewe inabidi tuanze na sheria kidogo, nivumilieni. Mwaka 1883 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya hataza. Kabla ya hapo kuomba hataza ilikuwa shughuli ya wenye nazo, ada ya kuanzia peke yake pauni 25, fundi wa kawaida anaitoa wapi? Sheria mpya ikashusha mpaka pauni 4. Mwaka 1883 maombi hayakufika hata 6,000, mwaka 1884 yakapita 17,000. Kila aliyekuwa na wazo lake la kufuli, taa, breki, cherehani, akapeleka. Sheria hiyo hiyo ikasema maelezo kamili ya uvumbuzi lazima yamalizikie kwenye madai, yaani useme waziwazi ni kipi hasa unachodai kuwa ni chako, mengine yote uliyoeleza na kuchora huko juu ni ya kumsaidia msomaji aelewe tu. Lakini kulikuwa na pengo kubwa: ofisi ya hataza kule London haikuwa inachunguza kama kitu hicho kimeshadaiwa na mtu mwingine huko nyuma. Walikagua karatasi kama zimekaa sawa, basi. Uchunguzi wa hataza za nyuma uliletwa na sheria ya 1902 na ukaanza kufanyika 1905. Kwa hiyo kwa miaka yote ile uliweza kabisa kupewa hataza ya kitu ambacho karatasi zake zimo kwenye makabati ya ofisi hiyo hiyo.

Sasa John Boyd Dunlop alikuwa Mscotland, daktari wa mifugo, anafanya kazi yake Belfast. Mtoto wake alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu yenye matairi ya mpira mgumu, na barabara za mawe mnazijua, mtu anatikisika mpaka meno. Mwaka 1887 mzee akachukua kipande cha mbao cha duara, akakizungushia tyubu ya mpira aliyoijaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu, akaifunika kwa kitambaa na kukipigilia. Kisha akaenda uani, akasukuma gurudumu la ile baiskeli ya mtoto, likaenda kidogo likalala. Akasukuma lile la kwake lenye upepo, likavuka uwanja wote mpaka likagonga nguzo ya geti na kurudi. Mi huwa naipenda sana hii sehemu kwa sababu ni jaribio ambalo fundi yeyote wa Shinyanga angelifanya, husomi hesabu yoyote, unasukuma unaangalia lipi limefika mbali. Julai 1888 akaomba hataza, na Desemba mwaka huo huo akapewa. Makumbusho ya taifa ya hapa mjini wanalo tairi lake la kwanza, na ukiwa fundi ukalitazama unaona kabisa ni kazi ya mtu aliyetengeneza kwa mikono nyumbani kwake.

Mwanzoni watu walilicheka. Tarehe 18 Mei 1889 kijana mmoja, Willie Hume, akaingia kwenye mashindano pale Queen's College, Belfast, na baiskeli yenye matairi manene ya upepo, watazamaji wakaangua kicheko, halafu akashinda mbio zote nne alizoingia. Kati ya aliowaacha nyuma walikuwemo watoto wa mfanyabiashara wa Dublin aitwaye Harvey du Cros, na baba mtu hakununa, alifungua kampuni ya kutengeneza hayo matairi mwaka huo huo. Dunlop akaikabidhi kampuni hataza yake, akapewa hisa.

Mwaka 1890 zikaja habari mbaya. Robert William Thomson, mzaliwa wa Stonehaven, kamji ka baharini huku huku Scotland, alishapewa hataza ya kitu hicho hicho Desemba 1845. Ndiyo, 1845, miaka zaidi ya 40 kabla, akiwa kijana wa miaka 23. Akachukua na ya Ufaransa 1846 na ya Marekani 1847. Na madai yake yaliandikwa kwa akili sana, hakusema tairi la baiskeli wala la gari fulani, alidai kuzungushia magurudumu ya vyombo vya kukokotwa kitu chenye kunepa na kurudi ili nguvu ya kuvuta ipungue, mwendo uwe laini na makelele yapungue. Ukishadai kwa upana hivyo, anayekuja nyuma yako na tyubu yenye upepo anajikuta yumo ndani ya uwanja wako hata kama hajawahi kusikia jina lako. Hataza yenyewe ya Thomson ilishaisha muda siku nyingi, zilikuwa za miaka 14 tu, kwa hiyo hakuna aliyekuja kudai hela. Ila kitu kikishaandikwa na kuchapishwa hakiwezi tena kuwa kipya. Hapo ya Dunlop ikafa.

Na Thomson hakuwa mtu wa maneno matupu. Mwaka 1847 magari ya farasi yalitembea na matairi yake kule Regent's Park, London, na seti moja ilikwenda maili 1,200. Tyubu ya turubai iliyotiwa mpira, nje ngozi, imefungwa na bolti kwenye gurudumu. Kilichomwangusha ni wakati. Baiskeli zenyewe hakuna, magari ya injini hakuna, mpira mzuri mwembamba haupatikani kirahisi, na mwenye gari la farasi hakuona sababu ya kulipia ghali hivyo. Akaliacha, akaendelea na mambo mengine, mwaka 1867 akaunda injini ya mvuke ya kutembea barabarani, na cha ajabu hiyo aliifunga mpira mgumu.

Sasa hapa ndo pananigusa mimi kama fundi. Tairi la Dunlop la 1888 lilikuwa limegandishwa kwenye rimu kwa gundi na kitambaa. Ukipata pancha umekwisha, inabidi ubandue kila kitu, utafute tundu, uzibe, halafu ubandike upya. Hebu fikiria daladala za baiskeli za kwetu Shinyanga, abiria kakaa nyuma anawahi hospitali, wewe unaanza kubandua turubai! Tairi la namna ile lisingefika kokote. Lililookoa biashara ni madai madogo madogo ya watu wengine ambao leo hakuna anayewataja. Septemba 1890 Charles Kingston Welch akaomba hataza ya tairi lenye waya usiovutika ndani ya kingo zake mbili, likakaa kwenye rimu yenye shimo katikati, yaani mfereji unaozunguka rimu nzima. Mwezi uliofuata tu, Oktoba 1890, William Erskine Bartlett, Mmarekani aliyekuwa anaongoza kiwanda cha North British Rubber hapa hapa Edinburgh, mtaa wa Fountainbridge, akaomba ya kwake, tairi lenye kingo nene zinazojibana chini ya midomo ya rimu upepo ukijaa.

Kama umewahi kutoa tairi la baiskeli basi Welch umeshamshika mkononi. Ule waya ni mdogo kuliko ukingo wa rimu, na hautanuki, ndo maana ukivuta tu tairi halitoki. Siri ni kwamba unausukumia upande mmoja uzame kwenye lile shimo la katikati ya rimu, hapo upande wa pili unalegea, unaingiza chuma unanyanyua, unazunguka nalo, limetoka. Kazini kwetu vijana wapya huwa wanapigana na tairi mpaka jasho kwa sababu hawajausukuma waya shimoni. Kila baiskeli ninayoishika huku, ya milima, ya mbio, ya mtoto, karibu zote ni wazo hilo hilo la 1890. Kampuni ya du Cros ikanunua haki za Welch haraka, na baadaye ikanunua na za Bartlett, na hapo ndo ikapata kitu cha kusimamia mahakamani, si ile karatasi ya Dunlop.

Halafu kuna valvu. Ile ya kwetu, ya Phoenix na zile nyingine za Kichina na Kihindi, yenye kampira kembamba kamevalishwa juu ya kachuma chenye kitundu ubavuni, ni ya Woods, miaka ya mwanzo ya 1890. Ukipiga pampu upepo unatokea kitunduni unakasukuma kampira, ukiacha, upepo wa ndani unakakandamiza kampira kwenye kachuma panaziba. Hakuna springi, hakuna kitu cha kuvunjika, kampira kakichakaa unakata kengine unavalisha unaendelea na safari. Ile ya magari na pikipiki ni ya Schrader wa New York, hataza ya 1893. Huku Woods imeshakuwa adimu, ikija mteja nayo inabidi tutafute vifaa, mimi ndo huwa naitiwa maana naijua toka utotoni. Kuna siku mzee mmoja pale kazini, Mscotland, kaniambia mara ya mwisho kuiona ilikuwa kwenye baiskeli ya baba yake, nikamwambia kwetu mpaka leo ndo inayobeba magunia ya mkaa.

Hela zilikwenda wapi? Mwaka 1896 kampuni iliuzwa kwa mtu aitwaye Hooley kwa pauni milioni 3, naye akaiuza kwa umma kwenye soko la hisa kwa milioni 5. Dunlop mwenyewe alishajiondoa, hakupata utajiri wa kulingana na jina lake, akafia Dublin 1921. Jina likabaki kwenye matairi. La Thomson lipo kwenye kibao kule Stonehaven, na kuna siku kila mwaka watu wanakwenda na magari ya kale kumkumbuka, jambo jema.

Lakini wakuu, mimi nikisoma haya maelezo ya hataza kuna kitu kinanikaa rohoni na siwezi kumaliza bila kukisema. Mote humo mpira unatajwa kama kitu kilichokwisha kuwepo, kama vile unajileta wenyewe mpaka mlangoni kwa kiwanda. Madai yanasema waya ukae wapi, valvu izibe vipi. Utomvu unatoka kwa nani hakuna anapopaswa kusema. Na miaka hiyo hiyo ambayo baiskeli zililipuka Ulaya, Kongo ilikuwa mali ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Kampuni ya mpira iitwayo ABIR ilianzishwa 1892 kwa hela za Waingereza na Wabelgiji, watu wa bonde la Kongo wakalazimishwa kuingia msituni kukinga utomvu wa mimea ya mpira inayotambaa mitini, wanaume wana kiwango cha kufikisha, wake zao wanashikwa mateka mpaka kifike, na vijiji vilivyoshindwa vikapigwa risasi na watu kukatwa mikono. Kuna picha iliyopigwa 1904 na mmisionari Alice Seeley Harris kule Baringa, baba anaitwa Nsala, amekaa barazani anatazama kiganja na mguu wa binti yake mdogo. Hivyo tu ndivyo alivyobakiziwa. Karani mmoja, Edmund Morel, aliyafahamu haya kwa kuangalia meli bandarini Antwerp: zinakuja zimejaa mpira na pembe za ndovu, zinarudi na bunduki na risasi, bidhaa za kuwalipa watu karibu hakuna. Leopold alinyang'anywa nchi ile 1908 na serikali ya Ubelgiji ikaichukua.

Kile kiwanda cha Fountainbridge jengo lake moja limebaki, siku hizi ni mahali pa wasanii wa kuchapa picha, pazuri sana, nimeshaingia. Ningependa siku moja jina la Nsala liandikwe mahali kwenye mji huu ambao ulikula sana kutokana na mpira, na nimeshaanza kuongea na wenzangu Wakongomani wa hapa tuone tunaanzia wapi.

Na kwetu pia haikupita mbali. Wajerumani walipanda mpira sana Muheza na chini ya milima ya Usambara, 1910 bei ilikuwa juu mno, 1913 ikaanguka kwa sababu ya mashamba ya Asia, na mashamba mengi yakaachwa. Hii sehemu nataka kuijua kwa undani. Kama kuna mwenye bibi au babu wa Muheza, Korogwe au Tanga aliyewahi kusimulia habari za kukinga mpira enzi za Mjerumani, walilipwaje, walitokea wapi, walilala wapi, tafadhali aandike hapa, hata kama ni jina la shamba tu.