Kwaresima bila dagaa

Nyama haijanisumbua. Kwetu nyama ni ya Jumapili na ya wageni, siku nyingine zinapita bila mtu kuiulizia. Kinachonitesa Kwaresima hii ni dagaa, na baada ya dagaa, maziwa.

Kanisa Katoliki halikunidai haya. Sheria yetu ni nyepesi: tunafunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, Ijumaa tunaacha nyama, basi. Samaki, mayai na maziwa ruksa. Lakini mimi nimekulia Mwanza, na kwa mtu wa Mwanza kuacha nyama ukala sato si kujinyima. Kwa hiyo mwaka huu, tangu Majivu tarehe 18 Februari, nala vya mimea tu, kama Wakristo Waorthodoksi wanavyofanya hadi leo.

Sikujua dagaa wako kila mahali. Kwa mama lishe wa karibu na kazini unaagiza matembele, unakuta wametiwa humo kuleta ladha. Maandazi yamekandwa kwa maziwa, chapati zimepakwa samli. Kilichobaki salama ni wali na maharage ya nazi, na wiki ya pili hata huo wali ulikuwa haushuki. Jioni nilirudi nyumbani Tabata, Dar es Salaam, nimelegea, kichwa kizito, hamu ya mtindi imenishika hadi nakasirika na watu wasio na kosa.

Dada yangu ni muuguzi. Alinisikiliza kwenye simu, kisha akauliza ninakunywa chai saa ngapi. Nikamwambia pamoja na chakula, kama kawaida. Akanieleza kwamba chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani, bora niinywe baadaye, na kwenye sahani nikamulie ndimu au nile chungwa, kwani hayo husaidia. Maharage niyaloweke usiku kucha. Kuhusu vitamini B12, ambayo mimea haitupi, alisema mwili wa mtu mzima mwenye afya unayo akiba, Kwaresima moja haitaimaliza, ila nisiendelee hivi mwaka mzima bila ushauri.

Ushauri huo ulinisaidia, lakini aliyeniokoa hasa ni jirani. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimeanza wiki moja, na jioni mtaa mzima unanukia nazi. Mama wa nyumba ya pili alipopata habari kwamba nafunga alinigongea mlango. "Mwanangu, lete bakuli." Mihogo ya nazi. Kesho yake magimbi. Siku nyingine mbaazi nzito za nazi, na uji wenye pilipili manga. Tangu hapo naenda kukaa jikoni kwake kabla ya magharibi, namkunia nazi huku nikitazama anavyotenga tui zito na jepesi, lipi litangulie, lipi limalizie. Akipika samaki ananiambia mapema.

Waorthodoksi wa Ethiopia nao nimewaelewa sasa. Mfungo wao mkubwa ni wa siku 55, na juu yake wanafunga karibu kila Jumatano na Ijumaa za mwaka. Wanaweza kwa sababu wana shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, wana dengu nyekundu zenye berbere, yaani mchanganyiko wao wa pilipili na viungo, wana sukuma wiki ya vitunguu saumu, vyote vimepangwa juu ya injera moja, mkate wao mwembamba kama chapati. Watu hawa hawakuondoa chakula wakabaki na pengo. Walijenga jiko la mfungo, mama akamfundisha binti. Sisi tuna kisamvu cha karanga, tuna makande, tuna choroko, na bado tunafunga kana kwamba hatuna kitu.

Limebaki suala la chai ya jumuiya, yaani Wakatoliki majirani tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Jumamosi iliyopita tulisali kwa bibi mmoja mjane. Baada ya sala akaleta chai ya maziwa, na ilikuwa wazi kwamba maziwa yale aliyanunua kwa ajili yetu. Nilisitasita. "Unaumwa, mwanangu?" akaniuliza. Nikapokea kikombe, nikanywa chote. Sijutii. Yohane Kasiano, mmonaki aliyeandika katika karne ya 5, anasimulia jinsi wamonaki wa jangwa la Misri walivyoacha mfungo wao mgeni alipofika, kwa kuwa kufunga kulikuwa kwa hiari yao, lakini upendo ulikuwa amri. Kama wao waliweza kwa mgeni, mimi ni nani nimkatalie mwenyeji?

Jumamosi hii jumuiya iko kwangu. Nimemwomba jirani aje anisimamie mihogo. Nitaweka chai ya rangi yenye tangawizi na mdalasini, karanga za kukaanga, na jagi la maziwa pembeni kwa anayetaka, maana yule bibi amezoea chai yake iwe nyeupe.