Sekunde 20 za Tarumbeta

Kazi yangu katika wakala wa matangazo hapa Dar es Salaam ni kutafuta muziki wa kuwekwa chini ya picha, na kwa miaka mingi ilikuwa kazi nyepesi. Prodyuza wa studio ya jirani alitutungia kibwagizo cha sekunde 30, tukamlipa mara moja, akasaini karatasi ya ukurasa mmoja, tukaendelea na mengine. Mambo yalibadilika siku mteja mmoja, muuzaji wa bidhaa za nyumbani, aliposema kwamba vibwagizo vimemchosha na kwamba safari hii anataka wimbo ambao watu wanaujua tangu utotoni. Alikuwa nao kwenye simu: wimbo wa dansi wa miaka ya 1980. Akausogeza mbele hadi karibu na mwisho, akaongeza sauti, akasema, "Hapa. Hizi tarumbeta."

Anayeujua muziki wa dansi ataelewa kwa nini nilinyamaza kidogo. Nyimbo za aina ile huchukua dakika 7 au 8, na hujengwa kwa sehemu mbili: kwanza masimulizi ya polepole, ambamo mwimbaji hueleza mkasa wake beti kwa beti, kisha chemko, ambapo magitaa hushika kasi, tarumbeta na saksafoni huitikiana, na watu hupanda jukwaani kutunza. Mteja aliipenda chemko. Masimulizi yaliyoitangulia yalimhusu mtu aliyeachishwa kazi na kufukuzwa na ndugu zake usiku wa mvua, na sidhani kama mteja aliwahi kuyasikiliza kwa makini, kama vile watu wanavyoipiga "Malaika" harusini ilhali maneno yake ni kilio cha kijana aliyeshindwa kuoa kwa kukosa mali. Nilimweleza hatari ya kuuza masufuria kwa wimbo ambao mtazamaji wa umri wa mama yangu ataumalizia mwenyewe kichwani. Akajibu kwamba sekunde 20 za tarumbeta hazina maneno. Hapo alikuwa sahihi, nami nikaanza kuwatafuta wenye wimbo.

Wimbo mmoja una haki mbili, na mtu akipata moja tu hajapata kitu. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na sauti ya kuimbia (melodi) kama vilivyobuniwa. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, yaani utepe ule ambao siku fulani, katika chumba fulani, wanamuziki fulani walipiga. Nike ilipoiweka rekodi ya "Revolution" ya The Beatles kwenye tangazo la viatu mwaka 1987, ilikuwa na ruhusa ya kampuni ya rekodi na ya wenye utunzi, ambao wakati huo ulikuwa katika hazina aliyoinunua Michael Jackson mwaka 1985. Na bado kampuni ya The Beatles ilikwenda mahakamani. Kama mwenye ruhusa zote mbili alishtakiwa, nilijisemea, mimi ambaye sina hata moja nijihadhari.

Kwa muziki wetu wa enzi zile swali la nani mwenye rekodi ni gumu kuliko la nani mwenye utunzi. Bendi nyingi kubwa hazikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, na Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi kabla ya kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Taasisi ilinunua vyombo, ikalipa mishahara, na wanamuziki wakawa waajiriwa wake. Rekodi zenyewe zilifanyika kwa sehemu kubwa katika studio ya Redio Tanzania, kwa sababu kampuni za santuri zilikuwa Nairobi. Kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kuwa na mtunzi, bendi, mwajiri wa bendi na mwenye utepe, na kila mmoja ana hoja. Bendi niliyokuwa naifuatilia ilikuwa ndogo kuliko hizo, ya shirika ambalo halipo tena, na siitaji jina lake kwa sababu familia ya mtunzi iliniomba hivyo.

Nilianza na mtunzi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Huyu alifariki mwaka 1994, hivyo haki zake zitaishi hadi 2044, na kauli ya "huo ni wimbo wa zamani, hauna mwenyewe", ambayo nimeisikia hata kwa watu wazima wa fani hii, haina msingi wowote. Niliuliza kwa wapiga gitaa wakongwe, mmoja akanielekeza kwa mwingine, hadi nikapata nyumba ya familia huko Ngamiani, Tanga. Nilisafiri mwenyewe badala ya kupiga simu. Barazani alinipokea dada mkubwa wa marehemu, mama wa makamo ya juu ambaye kila mtu pale alimwita Shangazi, na baada ya shikamoo na chai aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mnataka kuununua wimbo wa kaka yangu, au mnataka kuuazima?"

Sijawahi kusikia mtu akilieleza suala la leseni vizuri kuliko hivyo. Nilimjibu kwamba tunauazima: miezi 12, ndani ya Tanzania tu, kwa televisheni na redio, bidhaa moja, na muda ukiisha wimbo unarudi kwao. Mambo hayo manne, yaani muda, eneo, vyombo na bidhaa, ndiyo yanayopanga bei, na nimejifunza kuyataja kabla ya kutaja fedha, kwa sababu mwenye wimbo akisikia kiasi kwanza hushindwa kujua ni bei ya nini. Mitandao ya kijamii tuliiweka kando kwa malipo yake, maana tangazo likishaingia huko halijui mipaka ya nchi wala tarehe ya mwisho.

Tatizo lilikuwa nani asaini. Marehemu aliacha watoto sita kwa mama wawili, na mirathi yake haikuwahi kufunguliwa, kwa kuwa hakuacha nyumba wala shamba, na hakuna aliyefikiri kwamba nyimbo ni mali ya kurithi. Mwanasheria wetu alikataa katakata kulipa bila msimamizi wa mirathi. Nilirudi Tanga mara mbili. Familia ilikaa kikao, muhtasari ukaandikwa, wakampendekeza binti mkubwa, Mahakama ya Mwanzo ikabandika tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na baada ya majuma kadhaa akateuliwa. Mteja alikuwa akinipigia simu kila Jumatatu. Nilimwambia ukweli: kuchelewa sasa kuna gharama ndogo kuliko mtoto wa sita kujitokeza tangazo likiwa hewani.

Kisha likaja jambo ambalo sikulitarajia. Nilipokuwa nikimshukuru mpiga besi mmoja aliyenisaidia, nilimwimbia mdomoni zile tarumbeta ili ahakikishe kwamba tunazungumzia wimbo uleule. Alicheka. "Hizo hakuzitunga marehemu," alisema. "Marehemu alileta maneno na sauti ya kuimba. Hizo alizileta Mzee wa Buguruni siku ya mazoezi."

Katika bendi za dansi huo ndio ulikuwa utaratibu wa kawaida: mtunzi analeta mkasa na sauti, mpiga solo anatafuta njia yake, rizimu na besi wanajipanga, wapulizaji wanabuni vipande vyao, na redioni anatajwa mtunzi peke yake. Kwenye karatasi nilikuwa na idhini ya wimbo mzima. Kwa haki, sikuwa bado nimezungumza na mtu aliyebuni sekunde ambazo mteja alikuwa analipia. Mwanasheria alisema kwamba hatulazimiki kwenda Buguruni, kwa kuwa mtunzi anayetambuliwa ni mmoja. Nilikwenda. Sikusukumwa na wema peke yake: mzee aliye hai, mwenye tarumbeta ukutani na wajukuu wenye simu, akilalamika hadharani, tangazo huharibika hata kama kila hati iko sawa.

Mzee alinisikiliza akiwa ameketi kwenye mkeka, akaomba nimchezee rekodi, akafumba macho. Alikumbuka siku waliyorekodi: bendi nzima ilipiga kwa pamoja, wimbo mmoja mara moja au mbili, na aliyekosea alisababisha wote waanze upya. Alitaka mambo mawili, malipo yake tofauti na ya familia, na jina lake liandikwe kwenye hati kuwa ndiye mbunifu wa kipande kile. Nilizungumza na binti msimamizi kwa simu palepale. Alisema kwamba nyumbani kwao jambo hilo lilijulikana siku zote, na kwamba baba yake angeona aibu kulipwa kwa pumzi ya mwenzake.

Ilibaki rekodi. Barua zetu kwa waliokuwa na utepe zilijibiwa kwa upole lakini bila uamuzi, na wakati tukisubiri fundi wetu wa sauti alituonyesha kwamba hata tukiruhusiwa tutapata shida. Kwa kuwa bendi nzima ilirekodiwa kwa pamoja, hakuna njia safi ya kuitenga tarumbeta na sauti za waitikiaji, na msomaji wa tangazo angegombana nao. Isitoshe, kasi ya utepe ilikuwa ikipanda na kushuka kidogo, kiasi kwamba kila tulipokata kipande na kukiunga tulisikia kiungo. Tukaamua kurekodi upya, na hivyo hatukuhitaji tena rekodi ya zamani, bali utunzi tu, ambao ulikuwa mkononi.

Afisa masoko wa mteja alipendekeza tumtafute mwimbaji wa kuiga sauti ya marehemu mwishoni mwa kipande, ili watu wadhani ni rekodi ileile. Nilimsimulia habari za Bette Midler, mwimbaji maarufu wa Marekani. Wakala wa Ford alitaka aimbe kwenye tangazo, akakataa; wakala akamchukua mwimbaji aliyewahi kuwa mwitikiaji wake na kumwagiza amwige. Ruhusa ya utunzi walikuwa nayo. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko California ilisema kwamba sauti ya mtu maarufu ni sehemu ya nafsi yake, na mwisho wake Midler alipata fidia ya dola 400,000. Sheria ile si yetu, lakini hoja inaeleweka kwa Kiswahili pia, na pendekezo likafa.

Tulimpa kazi msanii huru wa kike anayerekodi chumbani kwake Mwananyamala, asiye na lebo wala meneja. Nilimpenda kwa sababu hakujaribu kuwa mtu wa zamani: alipunguza kasi ya chemko, akaacha besi na ngoma tupu, kisha akamleta kijana wa tarumbeta ambaye tulimpeleka Buguruni siku mbili akajifunze kwa Mzee mwenyewe. Kwa majadiliano, msanii huyu alikuwa makini kuliko wasanii wakubwa niliowahi kukutana nao. Alikataa kuiuza rekodi. Alitukodisha kwa masharti yaleyale ya familia, na akataka kiasi kilekile kilicholipwa kwa utunzi, jambo ambalo ndilo desturi ya biashara hii duniani, ingawa kwetu wengi hawalidai. Alitaka pia haki ya kutoa toleo kamili chini ya jina lake siku tangazo linapoanza, akiilipa familia mirabaha ya utunzi.

Mteja alisita kuhusu hilo la mwisho, akihofia kwamba tunamtangaza msanii kwa fedha zake. Nilimkumbusha kwamba tangazo na wimbo hubebana. Nick Drake, mwimbaji wa Uingereza, alifariki mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 26, rekodi zake zikiwa zimeuzwa kidogo sana. Volkswagen ilipoutumia wimbo wake "Pink Moon" kwenye tangazo la gari mwaka 1999, wasikilizaji wapya walimiminika, na hadi leo anayesimulia habari za wimbo ule hulitaja gari lile bila kulipwa. Mteja alikubali. Hofu ya msanii ilikuwa kinyume chake, kwamba mtaani ataitwa "dada wa masufuria", na sikuwa na la kumfariji, maana alikuwa sahihi: ndivyo walivyomwita kwa miezi kadhaa.

Kila mmoja alilipwa kabla tangazo halijarushwa, nusu ya malipo siku ya kusaini na nusu iliyobaki siku ya kukabidhi toleo la mwisho, huku kodi ya zuio ikielezwa mapema ili mtu asione kiasi pungufu benki na kudhani ameibiwa. Kuanzia siku mteja aliponisogezea simu hadi tangazo kuruka ilipita miezi saba. Kibwagizo kingechukua siku nne.

Mwaka ulipoisha mteja aliomba kuongeza miezi 12. Nilifungua jalada, nikawapigia simu watu watatu, na ndani ya juma moja sahihi zote zilikuwa mezani. Familia ilibaki kwenye bei ya zamani. Msanii aliomba ongezeko dogo, kwa kuwa sasa anajulikana. Mzee wa Buguruni aliomba ongezeko kubwa kuliko wote, akieleza kwamba kijana bado anavuta pumzi mahali pasipotakiwa, kabla ya noti ya tano, na kwamba kumrekebisha ni kazi ya ziada. Tukamlipa.