Kamera juu ya kabati

Katika kibanda changu cha intaneti, chini ya meza ya kuprintia, nilikuwa na kaunta buku la kwaya mbili, jalada jekundu, limelala pamoja na gundi na pini za stepla. Humo mlikuwa na maisha ya nusu ya mtaa wetu: barua pepe, nywila (wateja wangu husema paswedi), namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, namba ya mtihani wa kidato cha nne. Mtu akija kuomba mkopo wa chuo au ajira namfungulia akaunti, kisha ananiambia, "Dada nitunzie, mimi nitasahau." Natunza. Wengi nywila yao ni jina la mtoto na mwaka aliozaliwa.

Sikujiona nimebeba siri za watu. Msimu wa mikopo kijana anafika Morogoro kutoka Mvomero, vumbi mpaka kope, hakumbuki hata barua pepe yake, na daftari linamwokoa.

Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Kelele kubwa ilikuwa ya wenye blogu, kwa sababu maombi, leseni na ada ya mwaka vilifika zaidi ya shilingi milioni 2. Juni hata JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, ilizimwa kwa muda. Sisi wenye vibanda vya intaneti tulikuwa na kifungu chetu kisichosemwa sana: anwani ya IP ya kudumu (namba ya kuitambulisha mtandaoni) kwa kila kompyuta, njia ya kuchuja yaliyokatazwa, na kamera ya kurekodi yanayofanyika ndani. Ukikiuka, faini kuanzia milioni 5, au jela kuanzia miezi 12, au vyote. Mimi nilikuwa na kompyuta nne, mbili bovu. Nikanunua kamera.

Fundi aliifunga juu ya kabati, akaigeuza kidogo, akaniita nitazame. "Ona dada, mpaka kibodi inaonekana." Alikuwa anajisifia kazi yake.

Kulikuwa na kijana aliyekuwa akija jioni kuandika mambo ya siasa kwa jina la bandia. Hakuna aliyemkamata wala kumkataza. Aliitazama ile kamera mara moja, akalipa mia tano yake, basi. Baadaye nilikutana naye sokoni akanicheka: "Pale kwako siku hizi ni studio."

Niliamini atakayekuja kuomba picha za kamera atakuwa mtu mwenye karatasi na mhuri. Aliyekuja, miaka mitatu baadaye, alikuwa mume wa mtu. Aliagiza soda mbili, moja yangu, akakaa kiti cha mteja. Alitaka kuona Jumanne mke wake alikaa kompyuta gani, aliandika nini, kwa nani. Akaweka elfu ishirini, imekunjwa, chini ya kikokotoo changu.

"Kaka, hayo ni ya mteja."

"Mimi ndiye mume wake. Mteja ni nani zaidi yangu?"

Nilikuwa najua mke alichofanya, maana nilimskania mwenyewe: vyeti vitatu na barua ya kuomba kazi Dodoma. Ningesema, pengine wivu ungeisha palepale. Lakini huyo mama alikuwa na sababu zake za kutomwambia, na hakunituma nimsemee. Nikamrudishia pesa. Soda yangu niliilipia mwenyewe, maana mtaani kwetu soda nayo ni mkataba.

Usiku ule ndipo nilipomwelewa Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums. Desemba 2016 alikamatwa, akashtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa kutowapa polisi taarifa za watumiaji wake. Nilipokuwa nasikia kesi ile redioni niliiona ya wakubwa wa Dar es Salaam, hainihusu. Kumbe naye alikuwa ameshika daftari la watu, kama mimi, ila lake liliombwa na wenye nguvu kuliko mume mwenye wivu.

Sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Naikaribisha. Ila mume yule hata angeisoma angekuja tu, kwa kuwa alijua picha zipo. Kisichokuwepo hakiombwi.

Kwa hiyo kamera niliigeuza. Inaona mlango na droo ya pesa. Kibodi haioni tena. Daftari nikaanza kuligawa. Nilipiga simu, mmoja baada ya mwingine, waje wachukue kurasa zao. Nilizikata kwa wembe na rula. Wengine walishangaa, wakadhani nafunga duka.

Mzee mmoja mstaafu alikasirika kidogo. Sasa nani atamkumbusha? Nikamwambia achague neno jipya ambalo hata wajukuu hawalijui, aliandike mwenyewe, alifiche anakojua. Akageukia ukuta, akaandika polepole, akakunja karatasi na kuichomeka ndani ya kofia yake. Kisha akaniinamia, kwa sauti ya chini kabisa, aninong'oneze.

Nikaziba masikio. Mzee akacheka mpaka akakohoa.