Tumaini lenye tarehe

Mliokaa nje miaka mingi, mkirudi ibadani litawagutusha jambo moja kuliko viti vipya na vipaza sauti: siku hizi tumaini lina tarehe. "Kabla mwezi haujaisha." "Wiki hii ni yako." Zile nyimbo za kungoja, za mbinguni, zimebaki za msibani. Inachekesha, mpaka umwone mgonjwa anayehesabu siku alizoahidiwa.

Andiko linalobebeshwa mzigo huu ni Yeremia 29:11, "mawazo ya amani wala si ya mabaya". Rudi nyuma mstari mmoja tu: 29:10 unataja miaka 70 ya Babeli. Panda hadi 29:5: jengeni nyumba, pandeni bustani. Ni barua kwa mateka, na wengi wao wangezikwa hukohuko. Kisha fungua sura ya 28. Nabii Hanania anaahidi mateka watarudi ndani ya miaka 2, anaitwaa nira shingoni mwa Yeremia, ishara ya utumwa wa Babeli, na kuivunja mbele ya watu. Mwaka uleule, mwezi wa 7, Hanania akafa. Leo anahubiriwa Hanania kwa maneno ya Yeremia, na watu wanaitikia amina.

Tarehe ikipita, aliyeitoa halaumiwi. Analaumiwa aliyengoja, eti imani yake haba. Ugonjwa juu yake, na hatia juu ya ugonjwa. Paulo hakuwahi kuuza njia ya mkato. Warumi 5:3-4 inaanza na dhiki, inapita kwenye saburi, kisha uthabiti wa moyo, ndipo tumaini. Tarehe inaziruka hizo mbili za katikati, kwa hiyo siku ikipita mtu hana pa kushika. Na Paulo anapoyaita mateso "mepesi, ya muda wa kitambo tu" (2 Wakorintho 4:17), analinganisha na umilele. Mistari mitatu juu amekwisha kutaja ufufuo. Mwisho wa mwezi haumo.

Hata waliorudi kweli kutoka Babeli hawakumaliza shida. Zaburi 126 inaanza na watu "kama waotao ndoto". Kufika mstari wa 4 wanaomba warejezwe tena. Katika Ezra 3:12 wazee waliolijua hekalu la kwanza wanalia kwa sauti kuu msingi mpya ukiwekwa. Hakuna aliyewakemea.

Ukienda kumwona aliyelemewa, chukua Zaburi 13. Ina mistari 6. Miwili ya kwanza ina "hata lini" nne: isome polepole, umwache aongeze zake. Wa 3 na wa 4 ni ombi. Wa 5, "nimezitumainia fadhili zako", usiukimbilie. Ukisomwa kabla ya malalamiko unasikika kama karipio. Akishindwa kuufikia siku hiyo, funga kitabu. Zaburi 88 nayo inaishia gizani, na imo katika Biblia ileile.

Usimpe tarehe. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila neno. Waliharibu walipoanza kueleza.