Mnyang'anyi Kimya na meli ambayo haikuchorwa

Katika toleo la Punch, jarida la kejeli la London, la tarehe 10 Julai 1858 kuna picha inayoninyima raha tangu nilipoikuta. Kiunzi cha mifupa kimeketi ndani ya kimashua, kinapiga makasia juu ya mto Thames, na mizoga ya wanyama inaelea ubavuni. Chini yake kuna maneno ya majambazi wa barabarani: pesa zako au roho yako. Picha inaitwa Mnyang'anyi Kimya.

Kiangazi hicho mto uliobeba kinyesi cha London nzima ulioza kwa joto, mpaka pazia za Bunge zikalowekwa dawa ya chokaa ili waheshimiwa waweze kuvuta pumzi. Kwa hiyo kila anayeitazama huisoma kama kejeli ya uchafu, na ndivyo ilivyokusudiwa. Mimi nilipoangalia tarehe niliwaza kitu kingine kabisa. Majira yaleyale, kwenye maji yaleyale yanayonuka, chini kidogo huko Deptford, ilikuwa imelala meli kubwa kuliko zote zilizowahi kujengwa. Haikuweza kuondoka kwa sababu pesa zilikuwa zimekwisha.

Ni Great Eastern, ambayo mwanzoni walikuwa wameipa jina la Leviathan. Urefu mita 211, milingoti sita, mabomba matano ya moshi, magurudumu makubwa ya kupiga maji mbavuni na rafadha nyuma. Mhandisi Isambard Kingdom Brunel alitaka ibebe watu 4,000 na makaa ya kutosha kufika Australia bila kuomba makaa njiani. Kwa wachekeshaji wa London ilikuwa zawadi. Jarida la Field liliandika, kwa maana yake, kwamba kama uhandisi mkubwa ni kujenga minara ya upumbavu kwa fedha za wanahisa, basi Brunel hana mpinzani.

Yule wa kwenye kimashua anadai kimoja kati ya viwili. Meli hii ilichukua vyote.

Siku ya kuishua majini, tarehe 3 Novemba 1857, nayo ilidai roho. Kwa urefu wake isingewezekana kuitelemsha kwa mkia, hivyo iliwekwa ubavu kwa mto, pale Millwall. Brunel alihitaji utulivu ili ishara zake zionekane na amri zisikike. Kampuni ikauza maelfu ya tiketi, na watu wakaja kama wanaokwenda sarakasi. Meli ilisogea ghafla, mpini wa gurudumu la minyororo ukazunguka kwa kasi ukawarusha vibarua hewani. Wakaumia, na kifo kikatokea. Meli yenyewe ikakwama. Ikasukumwa kidogokidogo kwa jeki za maji mpaka tarehe 31 Januari 1858 ilipoelea. Waliofaidi hapo ni akina Tangye, mafundi wa jeki ambao kabla ya hapo hawakuwa na jina. Baadaye walijisifu kwamba wao waliishua Great Eastern na Great Eastern ikawashua wao.

Kampuni ya kwanza ilifilisika, meli ikanunuliwa na kampuni nyingine. Septemba 1859 Brunel alipatwa na kiharusi akiwa melini. Siku chache baadaye, ikiwa safarini kwa majaribio karibu na Hastings, koti la maji lililozunguka bomba moja la moshi likalipuka, kwa kuwa vali iliyopaswa kuachwa wazi ilikuwa imefungwa. Waliounguzwa na mvuke hadi kufa ni wachochea makaa, watu wa chini kabisa, ambao hata magazeti ya kejeli hayakuwa na habari nao. Brunel akafariki tarehe 15 mwezi huohuo. Januari iliyofuata nahodha wa meli, William Harrison, akazama karibu na Southampton. Tena si ndani ya jitu lake, ni ndani ya mashua ndogo. Ningekuwa mchoraji wa Punch nisingethubutu kubuni jambo hilo. Msomaji angesema natia chumvi.

Safari ya kwanza ya New York, Juni 1860, waliolipa nauli hawakufika hata 50. Mabaharia walikuwa wengi kuliko abiria, mara nyingi zaidi. Mwaka 1864 ikapigwa mnada kwa pauni 25,000.

Hapo ndipo naanza kutofautiana na wacheshi. Walicheka ukubwa, na ukubwa ndio uliokuja kuiokoa. Hakukuwa na chombo kingine cha kubeba waya wote wa telegrafu, yaani simu ya maandishi, wa kuvuka Atlantiki kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1865 waya ulikatika katikati ya bahari. Mwaka 1866 wakatandika mwingine mpaka Heart's Content, Newfoundland, kisha wakarudi wakauopoa ule uliozama na kuumalizia. Sijui kama kuna mchoraji aliyeomba radhi.

Hata huku kwetu mkono wa meli hii ulifika, kwa mbali. Mwaka 1870 ilitandika waya kati ya Bombay na Aden, baada ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, maana Mfereji wa Suez uliokuwa umefunguliwa miezi michache tu haukuwa na upana wa kuipitisha. Na ni kutoka Aden, mwaka 1879, kwamba waya uliotandikwa na wengine ulifika Zanzibar kwa Sayyid Barghash.

Mwisho wake haukuwa na heshima. Mwaka 1886 duka la Lewis's la Liverpool liliikodi ikawa bango la matangazo majini, na ndani yake kumbi za muziki na burudani. Mwaka 1889 wakaanza kuivunja, kazi ngumu kweli, kwani ilijengwa na ngozi mbili za chuma. Rekodi ya urefu ilidumu hadi 1899, yenyewe ikiwa imeshakuwa vyuma chakavu. Kipande cha mlingoti wake mmoja kilinunuliwa, na hadi leo ndicho nguzo ya bendera uwanjani Anfield, nyumbani kwa klabu ya Liverpool.

Hilo la Anfield nilimtumia shemeji yangu, ambaye ni Manchester United damu. Hakuuliza habari za Brunel wala za waya. Alijibu kwa mstari mmoja: "Kumbe! Ndiyo maana walikaa miaka 30 bila ubingwa wa ligi."