Kioo Kilichokataa Kutakata

Jumapili, usiku.

Vidole vinaniwasha ninapoandika. Ni zile nyuzi za kioo. Nilivua glavu kwa dakika kumi tu, nikijidanganya kwamba utepe wa nyuzi hizo, unaoziba kingo za kioo cha jiko, ni laini kama pamba, na sasa najikuna hadi kwenye viwiko. Lakini moto nauona. Nimekaa mbele ya jiko tangu jua lizame, nikiutazama kupitia kioo kama mtu aliyenunuliwa televisheni mpya.

Jiko letu ni la peleti, yaani vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, lile linalopachikwa ndani ya meko ya zamani ya ukutani. Kwa wiki kadhaa kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufuta kioo chake. Nikikifuta alfajiri, jioni kimeshakuwa cheusi. Wala si lile vumbi la kijivu ambalo karatasi yenye unyevu iliyochovywa kwenye majivu hulitoa mara moja. Yalikuwa masizi yenye kung'ang'ania, na moto wenyewe ulikuwa mvivu: rangi ya chungwa, unayumbayumba, unaacha peleti zilizoungua nusu kwenye chungu, kile kikombe cha chuma zinamowakia. Nikazilaumu peleti. Nikabadilisha aina. Nikazilaumu na hizo mpya.

Baadaye nikasema ni gasketi, kizibio cha mlango kisichopitisha hewa, na hapo nilikuwa karibu na ukweli. Tatizo ni kwamba kichwani mwangu mlango ulikuwa na gasketi moja, ile kamba nene ya mviringo inayozunguka ukingo. Nikaing'oa, nikakwangua gundi ya zamani, nikalaza kamba mpya bila kuivuta (ukiivuta inakonda, na ikikonda haizibi). Kisha nikafunga mlango juu ya ukanda wa karatasi, nikauvuta. Haukutoka. Nikazunguka mlango mzima hivyo, na karatasi ikabanwa kila mahali. Siku mbili baadaye kioo kilikuwa cheusi vilevile.

Jiko hili halipumui kwa bomba la moshi peke yake kama jiko la kuni. Lina feni inayonyonya moshi na kuusukuma nje, kwa hiyo ndani ya chumba cha moto hewa ni pungufu kuliko sebuleni. Popote penye upenyo, hewa ya sebuleni inavutwa kuingia. Inayotakiwa ni ile inayopita chini ya chungu na kupanda katikati ya peleti. Inayoingia kwa uchochoro mwingine inakwenda zake kwenye bomba bila kuusaidia moto, na moto uliokosa hewa chini yake hutoa masizi. Lingine nililokuwa silifikirii: umeme ukikatika moto ukiwa unawaka, feni husimama, na upenyo uleule uliokuwa ukiingiza hewa unaweza kuutoa moshi ndani ya nyumba, pamoja na kaboni monoksidi isiyo na harufu. Tangu nilipolielewa hilo, nimekisogeza king'ora cha gesi hiyo karibu na chumba cha kulala.

Jumatano nikiwa na jiko baridi nikaliwasha, nikatumia zile dakika za mwanzo ambazo feni inazunguka na moto haujashika. Nikawasha njiti ya kiberiti, nikaizima, nikaupitisha moshi wake kwenye kingo za kioo. Pembe ya chini kushoto ukamezwa, pale kioo kinapokutana na fremu ya chuma. Nikapandisha juu, nako ukamezwa, safari hii upana mzima wa kioo. Nikajiambia: kumbe hata juu pameoza!

Ijumaa jioni jiko likiwa limezimwa tangu jana yake na waya wa umeme umechomolewa, nikautoa mlango na kuulaza juu ya taulo. Skrubu nane. Sita zilitoka. Mbili zilikuwa zimeshikamana na chuma kana kwamba zilizaliwa pamoja. Nikazinywesha mafuta ya kulegeza kutu nikaenda kulala. Asubuhi moja ikakubali, nyingine ikakatika kichwa, na saa mbili nilizopoteza kwa ajili yake sitaki kuzisimulia.

Kumbe kuna gasketi ya pili, utepe unaokaa kati ya kioo na fremu. Ule wa zamani ulikuwa umekauka kama ganda la mkate, unavunjika mkononi. Chini na pembeni kulikuwa na mabaki yake. Juu hakukuwa na kitu. Chuma cha juu kilikuwa safi, hakina hata kovu la gundi, na hilo peke yake lingetosha kuniamsha. Mimi nikaamua kwamba utepe wa juu ulishaungua wote. Nikabandika mpya pande zote nne, nikazikutanisha ncha vizuri, nikajisifu. Nilipokuwa nafunga skrubu nilikaza kidogo kidogo, hii kisha ile iliyo mkabala nayo, nikaishia pale bisibisi ilipoanza kupata ukinzani. Kioo cha kauri hakitanuki karibu kabisa kikipata joto, ila chuma kinatanuka, na ukiwa umekikaza sana ufa utatokea moto ukishika.

Jana jioni nikawasha. Moto ukasimama vizuri, imara, wa manjano. Kioo kikaanza kuwa cheusi kutokea juu, kikashuka kama pazia, na kabla ya saa nne usiku sikuuona moto tena.

Ndipo nilipokitafuta kijitabu cha jiko. Kilikuwa kwenye droo, bado ndani ya mfuko wake wa plastiki. Mchoro wa mlango ulionyesha utepe pande tatu tu. Juu pameachwa wazi makusudi: hewa inaingia hapo na kuteremka kwenye uso wa kioo, inausukuma moshi usiguse. Kumbe moshi wa kiberiti ulinionyesha vitu viwili, tundu la kuziba na njia ya kuachwa, nami nikaviona kimoja. Majiko mengine njia hiyo wameiweka kwingine, kwa hiyo nisingeweza kuibahatisha hata kwa kumuuliza mwenye jiko tofauti.

Leo nimeutoa mlango tena. Ule utepe wa juu niliukata kwa kisu pembeni kabisa, nikaung'oa, nikafuta gundi kwa msasa mwembamba. Dakika arobaini, bila skrubu hata moja kugoma. Hapo ndipo nilipovua glavu.

Harufu ya gundi inayokauka ingalipo, na dirisha nimeliacha wazi kiasi cha vidole viwili, jambo la kuchekesha kwa mtu anayepigania joto. Peleti zinaanguka kwenye chungu, tak, tak, na moto unazila kabla ya nyingine kufika. Pembe ya chini kushoto, ile iliyoanza yote haya, nimeimulika kwa tochi mara tatu. Ni safi.

Kitambaa cha kufutia bado kinaning'inia kwenye msumari wake. Nitakiacha hapo mpaka kesho asubuhi.