Karatasi Niliyoijaza Ndani ya Daladala

Mwaka 2017 nilikuwa mmoja wa watu wanane tuliokutana kila Alhamisi jioni katika kliniki moja jijini Dar es Salaam, kwa ajili ya tiba ya kikundi ya wasiwasi uliopita kiasi. Wangu ulikuwa umeng'ang'ania kivuko cha Kigamboni. Miezi minane kabla, nikiwa nimebanwa katikati ya abiria, moyo ulinienda mbio na vidole vikafa ganzi, nikaamini kabisa kwamba nakata roho. Tangu hapo nikawa nazunguka kwa daraja, hata kama safari ilinila saa mbili.

Kazi yangu ya nyumbani ya wiki ya tatu ilikuwa kuvuka mara tatu kutoka Magogoni, bila chupa ya maji niliyokuwa nikiikumbatia kama hirizi, nikisimama katikati na si karibu na lango. Kabla ya kupanda niandike ninachohofia kitatokea, na nikishuka niandike kilichotokea. Pembeni niweke kiwango cha hofu kwa kile kipimo cha 0 hadi 100 alichokibuni Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini.

Sikuvuka hata mara moja. Jumanne nilifika hadi penye tiketi, honi ya kivuko ikalia, nikageuka. Alhamisi, nikiwa ndani ya daladala kuelekea kikaoni, niliitandaza karatasi juu ya goti nikaandika 80, 60, 40, na kila safari nikaibadilishia kalamu ili zionekane ni siku tofauti.

Aliyeanza kusoma ni mama mmoja tuliyemwita Mwalimu, kwa kuwa alikuwa amestaafu kazi hiyo. Alipaswa kuzungumza kwenye mkutano wa vikoba.

“Sikwenda,” alisema. “Nilivaa, nikajitanda mtandio, nikakaa kitandani mpaka magharibi.”

Mshauri hakumlaumu. “Mwalimu, pale kitandani ulikuwa unajiambia nini?”

“Kwamba sauti itatetemeka, na niliowafundisha watanicheka.”

Sentensi hiyo iliandikwa ubaoni, tukaizungumza kwa karibu nusu saa, na mwishowe ngazi yake, yaani orodha ya mazoezi yake kutoka jepesi hadi gumu, ikashushwa kipandio kimoja: aende mkutanoni, aitikie tu jina lake likiitwa. Nilitazama namba zangu zilizoshuka vizuri mno, nikaona kwamba karatasi yake tupu ilikuwa imempa kitu ambacho yangu isingeweza kunipa, kwa sababu hofu yangu halisi haikuwemo ndani yake.

Zamu yangu ilipofika nilisema, “Nimeijaza kwenye daladala.” Macho yangu yalikuwa sakafuni.

“Basi tuko wawili, mwanangu,” alisema Mwalimu.

Mshauri aliniuliza ni nini hasa kilichonigeuza, nami, nikieleza, ndipo nikagundua kwamba ilikuwa honi: ikilia, lango linafungwa na hakuna tena kushuka. Kwa hiyo kazi mpya ikawa kwanza kukaa Magogoni na kuisikiliza mara nyingi bila kuondoka, kisha kupanda.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilivuka. Karatasi hiyo ninayo bado: 95 nikipanda, 95 katikati, 70 nikishuka. Kwenye safu ya ninachohofia imeandikwa “Nitaanguka mbele za watu.” Kwenye safu ya kilichotokea, kwa mwandiko uliopinda, nimeandika kwamba mama mmoja aliyetoka Feri aliniomba nimshikie ndoo yake ya samaki, nikaishika mpaka ng'ambo.